Taa ya Kushoto

Lile lori la Mbande lilidhani mimi ni pikipiki.
Lilikuja katikati, limeshiba alizeti hadi kooni,
likaniachia upana wa kumtosha mtu na abiria wake mmoja.
Nikashuka kando na Pijo la marehemu baba,
miiba ikakwaruza mlango,
nikakaa gizani nikihesabu magunia yangu
na vidole vyangu.

Gari lenye jicho moja ni uongo unaotembea.

Asubuhi, Kibaigwa, nyuma ya ghala la mahindi,
fundi Sechelela aliizunguka ile pua ndefu bila kunisalimu.
Akagonga kioo kwa fundo la kidole. "Washa."
Ya kulia ikawaka.
Ya kushoto ikapumua kidogo, rangi ya chai ya mkandaa,
ikalala.
"Umeshabadilisha balbu?"
"Mara tatu tangu Pasaka."
"Basi ulikuwa unamlisha asiye na njaa."

Akauvuta waya mweusi uliofungwa kwenye bodi.
Ncha yake kutu tupu, ikamomonyoka kiganjani
kama udongo wa kichuguu.
"Moto unakuja," akasema, "ila hauna pa kurudia.
Hii taa haijakosa moto. Imekosa ardhi."

Nilitaka kucheka. Kongwa nzima ni ardhi:
imo kwenye meno, kwenye uji, kwenye mikunjo ya Biblia,
nyekundu, haiombwi, haimnyimi mtu,
na gari langu limefia humu humu kwa kuikosa.
Nikafungua mdomo nitoe methali.
"Nishikie koleo," akasema.

Akapiga msasa mpaka bati likang'aa,
akakaza nati, akapaka grisi.
Kijana wa duka la spea akaleta taa nyeupe, mpya,
kali kama moto wa kuchomelea:
"Bosi, kwa hizi unaona mpaka Gairo."
"Ataona yeye," Sechelela akajibu. "Na anayekuja, je?"
Akaletewa kioo cha duara. Akakisoma mistari kwa kidole,
akakirudisha: kilikatwa kwa nchi ambako magari hupita kulia.
Cha pili akakikubali.
Balbu akaishika kwa kitambaa,
maana mafuta ya kidole, alisema, huiua taratibu,
kama deni dogo.

Ndipo ndani ya tundu, nyuma ya kikombe cha taa,
katikati ya vumbi na nondo waliokauka,
akachomoa kipande cha mpira wa bluu,
kimekatwa kwa kisu, pembe tatu, kimebonyea.
"Takataka gani hii?"
Akakiweka juu ya bampa.

Jioni tukasimamisha gari hatua kumi kutoka ukutani.
Akachora kwa chaki misalaba miwili, kimo cha taa,
na mstari chini yake.
"Dimu."
Ya kulia ikatua chini ya mstari, kwa adabu.
Ya kushoto ikapanda mpaka kwenye kenchi za paa,
ikawaamsha njiwa.
Akazungusha skurubu; haikushika.
Springi ilishakatika, miaka.
Akatazama ukuta.
Akatazama bampa.
Akakirudisha kile kipande, akakisukuma kwa bisibisi,
na mwanga ukashuka polepole, ukatulia
kushoto, ukingoni,
pale wapitapo waendao kwa miguu.

Sikusema kitu.
Nilikuwa na miaka tisa
siku ndala ya baba ilipokutwa haina kisigino.
Mama alimkimbiza mbwa kwa ufagio kutwa nzima,
na baba, juu ya kigoda chake, bakuli la uji mkononi,
hakumtetea mbwa.

"Elfu kumi na mbili," Sechelela akasema, akifuta mikono.
"Na hicho kimpira usije ukakitoa."